Wageni wamezuiwa wiki ya sita sasa, homa inaingiaje gerezani?

Dada wa Mahabusu

Habarini za usiku wanajamvi. Nina swali linaloninyima usingizi, naomba nijibiwe na anayejua, si anayekisia.

Mdogo wangu wa mwisho ni mahabusu, kesi yake hata haijaanza kusikilizwa. Wiki ya sita sasa tumezuiwa kumwona. Getini wamebandika karatasi: kwa sababu ya mlipuko wa homa na kikohozi hakuna mgeni, hakuna kupokea mzigo kutoka nje, na walio ndani hawatoki selo ila kwa dharura. Kusema kweli, niliposoma lile tangazo nilishukuru. Nilijiambia, basi, wamefungiwa, ugonjwa tutabaki nao sisi huku nje.

Juzi nikapata simu yake ya dakika tano. Sauti imemkauka. Anasema selo yao wako 38, na usiku akianza kuhesabu wanaokohoa usingizi unampitia kabla hajamaliza. Wawili wameshatolewa kwa machela. Nikamuuliza, sasa nani kawaletea, na sisi hatujakanyaga huko mwezi na nusu? Akacheka, akakohoa, simu ikakatika.

Sasa nauliza. Mahali penye ukuta, kufuli na askari kila kona, mahali ambapo hata barua inafunguliwa kabla haijamfikia mwenyewe, ugonjwa unapita wapi? Na huku kuwafungia mchana na usiku kunawasaidia au ndiko kunawamaliza?

Kiroja

Jela si hoteli. Asingefanya alilofanya asingekohoa huko.

Niliwahi Kuhesabiwa

Dada, pole sana. Huyo wa juu mpuuze, hata hajasoma kwamba umeandika mahabusu. Mahabusu hajahukumiwa kitu.

Mimi nilikaa ndani miaka minne, kwa hiyo nakuambia ninachokijua kwa mgongo wangu. Geti mnalolijua nyinyi ni la wageni. Sisi tulikuwa tunalijua geti la zamu. Asubuhi askari wa usiku wanatoka, wa mchana wanaingia. Jioni hivyo hivyo. Afande kaamka kwake, mtoto wake ana mafua, kabanana na watu kwenye gari la abiria, saa moja baadaye yuko selo kwetu anatuhesabu. Na kuhesabiwa kwenyewe unakujua? Mnachuchumaa wawili wawili, mabega yanagusana, yeye anapita katikati anamgusa kila mtu kichwani: mbili, nne, sita. Hesabu isipotimia, anarudia. Siku moja ilirudiwa mara tano kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa chooni. Kwa hiyo huyo mtu mmoja kashagusa vichwa vyote vya bweni, kisha anakwenda bweni linalofuata kwa mkono huo huo na pumzi hiyo hiyo.

Simlaumu afande. Na yeye akiugua anaogopa kusema, kwa sababu akikosa zamu anakatwa, au mwenzake analazimika kusimama zamu mbili.

Kuhusu kufungiwa. Kabla ya mlipuko, mchana tulikuwa uani, tunafua, tunaota jua, wengine wanakwenda karakana. Usiku ndiyo tunalala ubavu, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na mtu hageuki mpaka mstari mzima ugeuke. Walipotangaza kufungiwa, huo usiku ukawa wa saa 23. Kikombe cha maji kilikuwa kimoja, kimefungwa kamba kwenye pipa. Walitupa na barakoa, kila mtu moja. Nilivaa yangu mpaka ikawa rangi ya sakafu.

Dereva wa Karandinga

Naongezea dogo. Niliendesha karandinga miaka tisa. Wageni wakizuiwa, mahakama haizuiwi, au inazuiwa wiki mbili kisha inaendelea. Kila asubuhi unapakia mahabusu, unawashusha kwenye chumba cha kusubiri chini ya mahakama, humo wanakutana na waliokamatwa jana kutoka vituo vya polisi vyote na mahabusu wa magereza mengine. Wanakaa saa sita, saba, humo hakuna dirisha. Jioni unawarudisha, na mara nyingi unarudi na wengi kuliko uliowapeleka, maana kuna wapya walionyimwa dhamana au waliokosa wadhamini.

Gari lenyewe ni boksi la bati. Tundu za hewa ziko juu, na gari likisimama hazifanyi kazi. Nyuma kukiwa na mtu anayekohoa, mimi mbele nasikia boksi zima limenyamaza. Wote wanabana pumzi, kana kwamba itasaidia.

Halafu kuna uhamisho. Gereza likifurika, au likiwa na ugonjwa, makao makuu wanaagiza wapunguzwe. Unapunguza kwa kupeleka wapi? Gereza jingine. Nimewahi kuendesha mlipuko mzima kutoka ukuta mmoja hadi ukuta mwingine, na karatasi za safari zimegongwa muhuri vizuri kabisa.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, pole kwa ndugu yako. Kazi hiyo nimeifanya miaka 22, zahanati ya ndani ya ukuta, chumba kimoja na kabati lenye kufuli mbili. Gereza silitaji. Wenzangu wameshakuonyesha milango: zamu, mahakama, wapya, uhamisho. Mimi nikueleze kinachofuata ugonjwa ukishaingia, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea mimi mwenyewe, na kosa lenyewe lilipendeza sana kwenye karatasi.

Mwaka mmoja tulipata mafua makali. Amri ikatoka: kila anayekohoa atengwe. Amri nzuri, hata mimi niliiunga mkono. Lakini atengwe wapi? Vyumba vya mtu mmoja mmoja tulivyokuwa navyo vilikuwa vile vya adhabu. Sakafu tupu, dirisha la ukubwa wa daftari, hakuna redio, hakuna simu, hakuna wa kusemeshana naye. Siku ya kwanza nilipeleka watu saba. Siku ya pili wanne. Siku ya tatu mmoja. Siku ya nne nilikaa mlangoni pa zahanati na daftari langu asubuhi nzima, hakutokea mtu. Hata wa jino hakuja. Nikaandika kwenye ripoti, kwa mkono wangu huu: hali imedhibitiwa. Mkuu wa gereza akanipongeza mbele ya wenzangu.

Siku ya sita jioni akaja nyapara wa bweni la tatu, mtu mzima, mkimya, akaomba dawa ya kichwa. Nikampa. Hakuondoka. Akawa anakizungusha kidonge kiganjani, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Mama, watu wanakoholea ndani ya blanketi."

Usiku ule nikaomba kuingia na askari wawili. Kabla mlango haujafunguliwa nikawaashiria wanyamaze, nikasimama gizani nisikilize. Kikohozi kilichozibwa kina sauti yake, kama mtu anapiga godoro ngumi. Zilikuwa zinatoka pande zote, huku moja, kule mbili, tena huku. Nilihesabu nikapita 40, nikaacha.

Kufuli lilipofunguliwa, joto lilinipiga usoni kabla ya harufu. Nilikuwa nimechukua kijiti cha udi, si kwa sababu ya harufu, bali nilikuwa na jambo nataka kuliona. Nikakiwasha katikati ya bweni, nikakishika bila kutikisa mkono. Moshi ukapanda wima, ukafika darini, ukatanda, ukasimama. Tukaungoja uondoke, askari wakaanza kuchoka na mimi. Haukuondoka. Ulishuka polepole mpaka usawa wa vitanda vya juu, pale wanapolala vijana. Nikauliza madirisha ya nyuma yako wapi. Kumbe wameyaziba wenyewe kwa maboksi msimu wa baridi, na hakuna aliyeyazibua. Yale ya mbele yalipigwa wavu mzito na uongozi ili vitu visirushwe kutoka uani.

Kikohozi nacho kiko hivyo hivyo. Matone makubwa yanaanguka karibu, ndiyo maana tunaambiwa tukae mbali. Lakini kuna chembe ndogo zinazoelea kama ule moshi, na hizo hazijali umekaa mita ngapi kama chumba hakipumui. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kifua kikuu hivyo hivyo kinasafiri na hewa, na ndiyo sababu magereza duniani kwa jumla yana kifua kikuu karibu mara 10 ya kinavyoonekana kwa watu walio nje. Kwa hiyo ukimfungia mtu saa 23 kwenye hewa ile, umeuzuia mwili wake usitembee, ila pumzi yake umeigawa kwa watu 37.

Mafua nayo yana hila nyingine: mtu anaanza kuyaambukiza siku moja hivi kabla hajajisikia mgonjwa. Ule ukaguzi wa getini wa kupima joto la paji la uso unamkamata aliyechelewa, si anayewahi.

Kuna gereza moja Marekani, San Quentin, huko California, ambalo habari zake nazisimulia kila nikipata wa kunisikiliza. Aprili 1918 mafua yale yaliyozunguka dunia yaliingia humo na mfungwa aliyeletwa kutoka jela ya Los Angeles. Daktari wa gereza, Leo Stanley, aliandika aliyoyaona. Aligundua wagonjwa wanaongezeka siku chache baada ya Jumapili, kwa sababu Jumapili wafungwa walikuwa wanajazwa ukumbi mmoja kutazama sinema. Sasa ruka miaka 102. Mei 2020, gereza lile lile, wageni wamezuiwa tangu Machi, na hakuna mfungwa hata mmoja aliyethibitishwa kuwa na Korona. Wakaletwa kwa mabasi wanaume zaidi ya 100 kutoka gereza la Chino, ambako ugonjwa ulikuwa umeshapamba moto. Nia ilikuwa njema, kuwaokoa waliokuwa hatarini zaidi. Lakini vipimo vya wengi wao vilikuwa vya wiki kadhaa nyuma, na majibu ya wiki tatu zilizopita yanakuambia habari za mtu wa wiki tatu zilizopita. Selo za pale zimepandana ghorofa tano, upande wa mbele ni nondo tupu, na madirisha yalikuwa yamechomelewa yasifunguke. Waliougua walipita 2,200. Wakafa wafungwa 28 na askari mmoja.

Dereva, ukisoma hapa utajiona.

Turudi kwetu. Tulichofanya baadaye hakikuwa cha ajabu. Maboksi yakatoka usiku ule ule. Wenye kikohozi tukawahamishia karakana ya ushonaji ambayo ilikuwa imefungwa, ina madirisha pande mbili, na nikapigania waruhusiwe redio yao, simu yao na blanketi la pili. Hilo la blanketi lilichukua siku tatu, kuliko hata karakana yenyewe. Asubuhi iliyofuata mlangoni kwangu walipanga mstari watu 31. Mkuu akaja mbio: "Sista, mlipuko umeanza upya!" Nikamwambia, hapana afande, hawa ni wale wa wiki iliyopita.

Na upele usiusahau. Hauhusiani na kikohozi lakini unafuata mkondo ule ule. Mtu akiupata kwa mara ya kwanza, anaweza kukaa wiki nne hadi sita ndipo aanze kujikuna, na muda wote huo anaugawa kwenye mablanketi. Ukimtibu anayejikuna peke yake, umefanya kazi bure. Anarudi kulala katikati ya waleule.

Dada wa Mahabusu

Shikamoo mama. Nimesoma mara tatu, na pale kwenye blanketi nililia. Sasa nimeelewa kwa nini alicheka nilipomuuliza nani kawaletea.

Kaka wa kuhesabiwa na kaka dereva, asanteni sana.

Mama, mdogo wangu alipata kifua kikuu miaka miwili kabla ya kukamatwa, akamaliza dawa zote za miezi sita. Nina hofu mbili. Ya kwanza, hiki kikohozi kisije kikawa kile. Ya pili, akisema anakohoa watamfungia peke yake na hataongea nasi tena. Hata mara ya mwisho alisema, "Dada, usimwambie mtu naumwa." Mimi niliye nje nifanye nini? Siwezi kupita geti.

Muuguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu.

Kifua kikuu kinaweza kurudi, hata kwa aliyemaliza dawa, hasa akipumua hewa ya namna hiyo upya. Kwa hiyo historia yake isibaki kichwani kwako. Iandike barua fupi, si ya malalamiko: jina lake, mwaka alioanza dawa, mwaka aliomaliza, kituo alichotibiwa, namba ya kadi kama mnayo. Ipeleke getini, iandikwe kwa mganga wa gereza, na mwombe askari akugongee muhuri kwenye nakala yako. Barua ya mgonjwa yenye tarehe za dawa inasomwa. Barua ya kulaani inawekwa chini ya nyingine. Hapo nawasema wenzangu, lakini ndivyo ilivyo. Na kama ana kikohozi kinachopita wiki mbili, jasho la usiku au anakonda, apimwe makohozi. Hayo maneno yaandike vile vile kwenye barua.

La pili. Umoja wa Mataifa una kanuni za kutunza wafungwa, zilipitishwa upya 2015 na kupewa jina la Mandela. Jina hilo si la pambo: mwenyewe aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa, 1988, akapelekwa hospitali kutoka gereza la Pollsmoor. Kanuni ya 30 inasema anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa kuambukiza atengwe kitabibu na atibiwe kwa muda anaoweza kuambukiza. Kitabibu, mwanangu. Si kwenye chumba cha adhabu. Kanuni ya 14 inataka madirisha yanayoingiza hewa safi. Na ya 69, hii ndiyo yako: mfungwa ana haki ya kutaja mtu wa kupewa taarifa zake za afya, na akiugua sana au akihamishiwa hospitali, mkuu wa gereza anapaswa kumjulisha mtu huyo. Wengi hawajui, hakuna jina lililoandikwa, basi hakuna anayepigiwa. Siku akikupigia, kabla ya salamu mwambie ataje jina lako na namba yako kwa karani wa gereza. Mkiwa na wakili, apitie hapo, na akumbushe ombi la dhamana. Njia ya hakika ya kupunguza watu selo ni kuwatoa wanaoweza kusubiri kesi nje.

La kumficha mtu anaumwa silisemi kwa ukali, maana nimeshamwona mwenzake na kidonge kiganjani. Yeye anapima: kikohozi kitapita, upweke haujui utakwisha lini. Usimwambie "sema tu". Muulize kwanza wanaotengwa wanawekwa wapi. Kama ni vyumba vya adhabu, hilo ndilo la kuandika kwa mkuu wa gereza, wewe na familia nyingine, karatasi moja.

Niliwahi Kuhesabiwa

Sista, na mimi nilikohoa kwenye blanketi. Si gereza lenu. Lakini nilikohoa.

Muuguzi Mstaafu

Najua mwanangu. Ulipona?

Niliwahi Kuhesabiwa

Mimi nilipona. Wa kulia kwangu hapana.

Dada wa Mahabusu

Narudi kuwapa taarifa. Barua nimepeleka jana, nakala yangu ina muhuri. Leo mchana amepiga. Nimemwambia la jina kabla ya salamu kama ulivyosema, amesema karani anapita Ijumaa.

Nikamuuliza dirisha la nyuma liko wazi au limezibwa. Akanyamaza kidogo, nikasikia anamuuliza mtu. Akarudi kwenye simu, anasema limepigwa boksi, na nyapara anasema likitolewa wanaolala chini yake watalowa mvua. Nikamwambia mwambie nyapara wabadilishane zamu ya kulala pale. Dakika tano zikaisha.

Muuguzi Mstaafu

Boksi lisitolewe lote. Wakate nusu ya juu, ile ya chini ibaki kuzuia maji. Hewa ya joto inatokea juu. Mwambie wiki ijayo.